Kuku Kumi, Matuta Manne

 

Kuna karatasi moja ambayo bila shaka imekwisha kupita kwenye simu yako. Wenyewe wanaiita mchanganuo. Inaanza na vifaranga 500, inakwenda kwenye mifuko ya chakula, inazidisha trei za mayai kwa bei ya soko, inatoa hiki, inajumlisha kile, na chini kabisa inakuonyesha faida ya mamilioni kabla mwaka haujaisha. Katika karatasi hiyo hakuna kuku anayekufa. Hakuna umeme unaokatika usiku vifaranga wakiwa na siku tatu. Hakuna mwezi ambao pumba zimepanda bei na mayai yameshuka. Kila kuku anataga, kila yai linanunuliwa, na kila mnunuzi analipa papo hapo.

Wapo walioingia kwenye ufugaji kwa mlango huo, wakiwamo wastaafu wenye kiinua mgongo mkononi, na wapo waliotoka wakiwa hawana kiinua mgongo wala kuku, banda limebaki kuwa stoo ya mabati. Sitaki kuwazungumzia hao leo. Nataka kumzungumzia mwenye haja ndogo zaidi. Ana kiwanja chake Kigamboni, Chanika, Kibaha au Goba. Amejenga, amehamia, na nyuma ya nyumba kumebaki nafasi ya hatua ishirini kwa kumi na tano. Anataka mayai ya watoto, mboga ya jioni, na shughuli ya kumtoa nje alfajiri kabla hajaenda kazini. Hana haja ya kuwa tajiri wa kuku. Mtu huyu hushauriwa vibaya, maana kila anayemwendea humpa ushauri wa mfanyabiashara. Mimi namwambia hivi: kipimo chako kiwe jiko la nyumbani kwako, si bei ya sokoni. Anza na kuku kumi na matuta manne ya mboga.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Waliokuwa na umri wa kufanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1980 wanakumbuka mshahara usiofika katikati ya mwezi na bidhaa za kupanga foleni. Nyuma ya nyumba za watumishi, kuanzia karani hadi mhadhiri wa chuo kikuu, palikuwa na mabanda ya kuku, pengine nguruwe, pengine ng'ombe wa maziwa. Watu walisema wana miradi, na bila miradi nyumba nyingi zisingelala na kitu tumboni. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1970, ukame ulileta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mahindi yakaota hata mahali ambapo leo pana maduka. Ila wakati ule mfugaji wa mjini alisukumwa na dhiki. Wa leo anachagua mwenyewe, na mwenye kuchagua ana nafasi ya kupima.

Basi tupime. Kuku mkubwa wa mayai hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku kumi ni kilo moja na robo kasoro kidogo. Mfuko wa kilo 50 utakufikisha wiki sita. Sasa weka kuku 500 kwa hesabu ileile: ni kilo 60 kwa siku, yaani zaidi ya mfuko mzima kila kukicha, watage wasitage, uwe umelipwa hujalipwa. Hapo ndipo wengi wanapozama. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za kuku, na tumbo la kuku halijui mwisho wa mwezi.

Upande wa mayai, ukiwa na mitetea minane ya chotara kati ya hao kumi, waliotunzwa vizuri, utaokota mayai manne au matano kwa siku. Hiyo ni trei moja kwa wiki. Kwa hiyo shika hesabu hii moja tu, mfuko mmoja kwa trei sita. Nenda dukani ujue bei ya mfuko leo, ujue na bei ya trei leo. Kama trei sita zinaurudisha mfuko na kuacha chochote, mayai ya watoto wako umeyapata kwa bei nafuu. Kama haziurudishi, una kazi ya kupunguza mfuko kwa majani ya bustani na mabaki ya jikoni, na nitalifikia hilo.

Ni kuku gani, basi? Sokoni utakutana na makundi matatu. Kuku wetu wa asili ni mgumu, anajitafutia, ana kila sura. Kuna kuchi mrefu mwenye shingo ya majivuno, kuna kishingo asiye na manyoya shingoni, kuna kidimu ambaye manyoya yake yamejipinda kama amepigwa na upepo kwa nyuma. Lakini hatagi sana. Akishataga mayai yake kumi na kitu anayalalia siku 21, kisha analea, na miezi inapita. Kwa mwaka mzima ukipata mayai 40 hadi 60 usilalamike. Kuku wa kisasa wa mayai anaweza kukaribia 300 kwa mwaka, ila anataka chakula kamili cha dukani kila siku, na hana habari ya kulalia. Katikati yao wapo chotara, kama Kroiler aliyetokea India na Sasso wa Ufaransa. Hawa wanataga vizuri, wana nyama, na wanavumilia kuparua nje.

Mimi ningempa mwanzilishi mitetea minane ya chotara, koo mmoja wa asili, na jogoo mmoja. Koo huyo wa asili usimdharau kwa uchache wa mayai yake. Ndiye atakayewalalia mayai wenzake wasiojua kulalia, na atakutotolea vifaranga bila senti ya umeme. Jogoo naye ni wa hiari. Bado wapo watu wazima wanaoamini kuku hatagi bila jogoo. Anataga, tena vizuri. Jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga tu, kwa hiyo kama jirani yako ana usingizi mwepesi, anza bila yeye.

Na usinunue vifaranga wa siku moja. Kifaranga wa juma la kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, mchana na usiku, na wewe unaondoka nyumbani saa kumi na moja kuwahi daladala. Nunua waliokwisha kufikisha miezi miwili, waliochanjwa, kutoka kwa mfugaji ambaye banda lake umeliona kwa macho yako. Utalipa zaidi kwa kila kichwa, lakini utakuwa umeukwepa wakati ambao vifaranga hufa zaidi. Ukiwatunza vizuri, baada ya miezi mingine mitatu hivi utaanza kuokota.

Banda lisikutoe jasho. Kuku kumi wanatosha kwenye mita mbili kwa mbili, na watabaki na nafasi. Lilaze mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwa upana wake. Ukuta uwe wa kozi tatu nne za tofali, juu yake wavu, maana adui wa kuku wa Pwani ni joto kuliko baridi. Chini mwaga maranda ya seremala au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne vilivyolala. Weka fito za kulalia, na viota viwili vyenye giza kidogo. Tazama maranda yasilowe. Banda linalonuka ni banda lenye maji, na ukiona limenuka tafuta chombo cha maji kinachovuja au bati lililotoboka kabla hujawalaumu kuku.

Wevi wa kuku unawajua. Usiku ni kicheche na nyoka, na kicheche akipata upenyo haridhiki na kuku mmoja. Wavu uwe wa matundu madogo na sakafu iwe ngumu. Mchana, kwa watu wa Dar es Salaam na Unguja, mwizi ni kunguru. Ndege huyu hakuwa wetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akaona pamemfaa, akavuka bahari. Leo anashuka uani mchana kweupe na kuondoka na kifaranga mdomoni mbele ya mama yake. Ndiyo maana utaona mitaani vifaranga wa rangi ya waridi na wa kijani. Wenyewe wamewapaka rangi kumchanganya kunguru na mwewe. Kama rangi inasaidia, isaidie. Lakini kinga ya kweli kwa majuma ya mwanzo ni tenga, mama na watoto ndani, mchana kutwa.

Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Lakini mwewe anachukua mmojammoja. Anayezoa banda zima ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Hapa, msikilizaji, naomba tukae kidogo, kwa sababu kama utasahau yote niliyosema leo, hili usilisahau.

Mdondo unaingia kimya. Jioni unaona kuku mmoja amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, hataki kula. Kesho yake wamekuwa wanne. Kinyesi kimekuwa cha kijani, wengine wanahema kwa shida, na kuna anayepinda shingo mpaka kichwa kinaangalia mgongoni. Wiki haiishi, banda jeupe. Dawa hakuna. Shubiri mwitu haitibu mdondo, pilipili haitibu, majivu hayatibu, wala ile poda ya njano unayouziwa dukani haitibu, kwa sababu poda hiyo ni ya kuua bakteria na mdondo ni kirusi. Kinachofanya kazi ni chanjo peke yake, na chanjo hutolewa kwa kuku mzima, si kwa mgonjwa.

Chanjo inayotufaa sisi wenye kuku wachache ipo, na inatengenezwa hapa nchini. Msingi wake ni mbegu ya kirusi iitwayo I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi zenye joto, na sifa yake kubwa ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani zilizotaka barafu wakati wote. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wanaitoa kwa jina la TEMEVAC. Inatolewa kila baada ya miezi mitatu.

Kazi yenyewe haitaki shahada. Fanya jioni au alfajiri, kuku wakiwa kwenye fito zao. Mmoja anamshika kuku kwapani, mabawa yamebanwa asipige. Anamlaza kichwa ubavu, jicho moja juu. Wa pili anashika kichupa wima, mdomo chini, na kuminya tone moja tu ndani ya jicho. Msimwachie hapo hapo. Subirini apepese, tone lizame, ndipo ashuke chini. Tone likimwagika shavuni, rudia. Kuku mkubwa tone moja, kifaranga tone moja. Hapa hakuna kupima kwa uzito. Kuku kumi mnawamaliza kabla chai haijapoa.

Ugumu uko kwingine. Kichupa kimoja kina matone ya kuku wengi kuliko wako, na kikishafunguliwa hakikai. Mwenye kuku kumi akikinunua peke yake anaona anatupa hela, anaahirisha, na akiahirisha mara mbili mdondo unamkuta. Dawa ya hilo ni majirani. Nyumba kumi na tano za mtaa mmoja zikichanga, kila mmoja anatoa kiasi kidogo sana, kichupa kinazunguka uani kwa uani jioni moja, na kinaisha. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mdondo unatembea na kuku wa jirani, na viatu vyako, na trei ya mayai iliyozunguka sokoni. Ukichanja wako na wa jirani hawakuchanjwa, ugonjwa unaendelea kukaa ukutani kwako ukisubiri kuku wako mpya.

Na huyo kuku mpya ana adabu zake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wala haikuwa uchoyo. Kuku uliyemnunua mnadani, au aliyeletwa zawadi na shangazi kutoka Singida, mtenge peke yake wiki mbili au tatu, na chombo chake cha maji, mbali na wenyeji. Kama ana jambo, litajitokeza akiwa huko. Sikukuu huleta wageni wengi wa aina hiyo, na wiki za baada ya sikukuu ndizo watu wanapookota mizoga.

Kuhusu ile poda ya njano, niseme neno jingine. Kuna magonjwa ya kuku inayoyatibu, ukipewa na mtaalamu kwa kipimo. Lakini dawa hupita kwenye yai. Kwenye pakiti pameandikwa siku ambazo hutakiwi kula mayai wala nyama baada ya dozi, na siku hizo si pambo. Mtu anayefuga ili watoto wake wale mayai safi, halafu anaweka dawa kwenye maji ya kuku kila wiki ati ni kinga, anawapa watoto dawa bila daktari.

Chakula nacho kina mtego wake. Tuna mazoea kwamba mahindi yakiota kuvu, tunampa kuku. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyohiyo inamdhuru na kuku. Inamharibu ini, anakonda, anaacha kutaga, na magonjwa yanamteka kirahisi. Nafaka usiyoweza kuila wewe kwa sababu ya kuvu, ifukie. Mabaki mazuri ya jikoni mpe: ugali uliobaki, wali wa ukoko uliolowekwa, maganda ya papai, vichwa vya dagaa. Chumvi nyingi hapana. Maganda ya mayai yatwange, uyarudishe kwao, maana gamba la yai linataka chokaa.

Sasa tuvuke upande wa pili wa ua, kwenye matuta manne.

Kila tuta liwe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Urefu mita tano zinatosha. La kwanza lipe mchicha. Mbegu zake ni vumbi, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwenye mistari, la sivyo zitaota shada moja. Wiki ya nne unavuna. Usipande tuta zima siku moja. Panda robo kila wiki, na mboga haitakata. Tuta la pili chomeka marando ya matembele. Matembele ni mboga ya mtu mwenye shughuli. Yakishashika, kazi yako ni kuchuma na kumwagilia, na yanaendelea miezi. La tatu weka sukuma wiki, chainizi au nyanya chungu. La nne panda kunde. Kunde unachuma majani, ukitaka unasubiri punje zake, na mizizi yake inarutubisha udongo, kwa hiyo kila msimu ihamishe iende tuta jingine ikawatengenezee wenzake.

Utaona nyanya sijaitaja. Naipenda, ila si mwalimu mzuri wa anayeanza. Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina mdudu aliyetokea Amerika Kusini, wakulima wakampa jina la kanitangaze, na jina lake ameliishi. Anachimba majani, anatoboa tunda, na dawa nyingi zimeshindwa kumtisha. Nyanya utaipanda ukishajua kusoma majani ya mchicha. Hizi mboga zetu tulizokuwa tukiziona za kawaida mno zina watafiti wake. Kituo cha Mboga Duniani kina ofisi Arusha tangu 1992, na mchicha, mnafu na nyanya chungu ni sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo ukienda duka la pembejeo, ulizia mbegu bora za mchicha bila kuona haya.

Asiye na ardhi ya matuta manne ana gunia. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako wala mfuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto. Pembeni jaza udongo uliochanganywa na samadi. Ukifika usawa wa kopo, livute juu, kokoto zibaki, ujaze tena, mpaka gunia lisimame. Ubavuni toboa matundu ya kuingiza miche ya sukuma wiki. Ukimwagilia, maji yanashuka kwenye nguzo ya kokoto na kuzifikia pande zote, hadi chini.

Kinachoziunganisha shughuli hizi mbili ni kile wanachokiacha kuku usiku. Udongo wa Pwani ni mchanga. Unamwagilia asubuhi, mchana umekauka, na mbolea ya dukani inazama na maji. Mchanga unataka samadi, na kuku kumi wanatoa karibu kilo moja ya kinyesi kibichi kila siku. Lakini usikibebe kutoka bandani kukipeleka moja kwa moja kwenye mchicha, kitauunguza. Toa maranda yaliyochanganyika na kinyesi, yapange lundo, tabaka la maranda, tabaka la majani makavu, nyunyiza maji, funika. Pindua kila baada ya wiki mbili. Kwa muda wa miezi mitatu hivi lundo litakuwa limepoa, jeusi, na halina harufu ya banda. Ukiliwahi likiwa bichi, mbali ya kuunguza, unapeleka vijidudu kwenye mboga, na hilo ni hatari zaidi kwa kinacholiwa kibichi kwenye kachumbari.

Bustani nayo inalipa deni. Mchicha uliokomaa, majani ya chini ya sukuma wiki, marando yaliyozidi, yote yanarudi bandani. Kiini cha yai kitakuambia kwa rangi yake ya njano iliyokolea kwamba majani yamefika, na ule mfuko wa wiki sita utaanza kuvuka wiki ya saba. Ila zungushia bustani uzio kabla kuku hawajafika. Kuku mmoja akipata nusu saa kwenye kitalu, hutahitaji tena kukipalilia.

Jambo moja kuhusu maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Maharage hayaivumilii, ukiona kingo za majani zinaungua na mmea umedumaa, onja maji yako kabla hujanunua dawa. Mchicha unajikaza kidogo. Wakati wa mvua za vuli na masika kinga maji ya bati ujaze tangi, upate ya miche michanga.

Kabla ya yote, pita ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa mifugo wa kata. Halmashauri zina sheria ndogo kuhusu mifugo mjini, na ni heri uambiwe kabla ya kujenga. Halafu kaeni kikao nyumbani: nani anafungua banda asubuhi, nani anamwagilia jioni, nani anabaki mkisafiri. Nyumba nyingi zina shamba la baba ambalo baba analitembelea Jumapili na wageni wake, na kazi yote ameiangusha kwa dada wa kazi, juu ya kufua na kupika, kwa mshahara uleule. Kama kuku ni wako, kinyesi pia ni chako. Kama unamwongezea dada kazi, mwongezee na ujira.

Na kwa wakubwa wa halmashauri zetu, ombi langu ni moja. Tangazeni siku za chanjo ya mdondo kwa kila mtaa, mara nne kwa mwaka, kama mnavyotangaza chanjo za watoto. Kichupa kipo, kinatengenezwa nyumbani. Kinachokosekana ni siku inayojulikana na mtu wa kuzunguka nacho.

Wewe msikilizaji, fuata mpangilio huu. Juma hili pima matuta na uanze lundo la majani makavu. Mwezi ujao uwe unakula mchicha wako. Banda lije baadaye, na kuku waje mwisho kabisa. Na kabla hujatoa hela ya kuku wa kwanza, bisha hodi kwa jirani wa kulia na wa kushoto, uulize kuku wao walichanjwa lini. Wakikuambia hawakumbuki, kazi yako ya kwanza ya ufugaji umeshaipata.